Meno Kwenye Gitaa Jekundu

Wapendwa, leo nitaanzia mbali kidogo. Wazee wa kanisa msinikunjie uso, maana nataka kuzungumza habari za gitaa, tena si hili letu la kwaya. Ni gitaa la umeme, la muziki wa roki, lile ambalo vijana wa zamani walilipiga wakiwa wamefuga nywele na kuvaa suruali zinazofagia barabara. Nawaona wengine mnacheka. Mlizivaa, msinifiche.

Kulikuwa na mpiga gitaa mmoja. Jina lake sitawatajia, halina kazi kubwa katika mfano huu. Jina la binti yake nitalitaja, na mbele mtaona sababu. Binti aliitwa Atupele.

Huyu bwana alikuwa maarufu, na gitaa lake lilikuwa maarufu kumzidi. Lilikuwa jekundu, lina pembe mbili kama za ndama, na kwenye pembe ya juu kulikuwa na alama za meno. Meno kabisa, ya kung'ata, mpaka rangi imebanduka na mbao imeingia ndani. Hadithi ilikuwa kwamba siku moja, uwanjani, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta, jamaa alipandwa na muziki, akalinyanyua gitaa akapiga nyuzi kwa meno, na utamu ulipomzidi akaiuma mbao yenyewe. Kuanzia siku ile nchi nzima ilimwita Meno. Watoto mitaani walikuwa wakishika fagio, wanaling'ata kwenye mpini, wanajitingisha, na mama zao wanawachapa kwa fagio hilo hilo.

Miaka ikaenda. Meno akawa mzee wa miaka sabini na mitatu. Vidole vikaanza kutetemeka, bendi ikabaki kwenye picha tu. Ndipo watu wa makumbusho ya taifa katika nchi yake wakamjia nyumbani kwa heshima zote. Wakamwambia, "Mzee wetu, gitaa lako ni la nchi. Tupe tulihifadhi. Tutalijengea kabati la kioo, na wajukuu wa wajukuu watakuja kuliona." Mzee alifurahi, jamani! Mtu asiyependa kukumbukwa ni nani? Mimi na wewe tunapenda hata kuandikwa majina kwenye madawati tuliyotoa hapa kanisani.

Jioni ile mkewe alikaa barazani akiufua ule mkanda wa gitaa uliolowa jasho la miaka. Huyu mama, katika watu wote, hakuwahi kumwita mumewe Meno. Alimwita kama wake zetu wanavyotuita, kwa jina la mtoto wa kwanza. Na mtoto wao alikuwa huyo mmoja tu.

"Baba Atupele," akasema bila kuinua uso, "umemwambia mwanao kwamba gitaa linaondoka?"

"Nitamwambia."

"Kwa mdomo gani?"

Mzee akautazama ule mkanda. Aliuelewa mkuki ule ulikotoka. Nanyi inafaa muuelewe, kwa hiyo nisikilizeni. Atupele alikuwa kiziwi. Alipokuwa na miaka miwili alipata homa ya uti wa mgongo, ikaondoka na usikivu wake wote. Alipofika miaka saba alipelekwa shule ya bweni ya watoto viziwi, mikoa miwili kutoka nyumbani, na huko akapata lugha yake, lugha ya alama. Mama yake alijifunza. Kila likizo alikaa na binti yake jikoni, mikono ikiwaenda, wanasimuliana na kucheka mpaka wanashika mbavu. Baba hakujifunza. Alikuwa na safari. Alikuwa na mazoezi. Kulikuwa na sababu kila mwaka, na kila sababu ilikuwa ya kweli, ndiyo maana ni vigumu kumlaumu na ni vigumu kumwachia. Sasa Atupele alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, fundi wa kushona sare za shule, na yeye na baba yake walikuwa wakisalimiana kwa kupungiana mkono kama majirani wa ng'ambo ya barabara. Kama kulikuwa na neno la zaidi, mama aliwatafsiria.

Huyo ndiye mtu aliyejulikana nchi nzima kwa vidole vyake. Vidole hivyo havikujua kumwambia mwanawe "umeshindaje".

Basi, siku ikafika akalipeleka gitaa makumbusho. Akapokelewa na binti mmoja kijana, ndiye mhifadhi, mwenye glavu nyeupe na kioo cha kukuzia. Kazi yake ni kukagua kila kitu kinachoingia: kimetengenezwa na nini, kina mikwaruzo mingapi, kila alama imetokana na nini. Yote anayaandika. Wenzetu wa makumbusho wana tabia hiyo, hawapokei kitu mpaka wajue maisha yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

Mhifadhi akaliinamia gitaa muda mrefu. Akapima alama za meno kwa kirula kidogo, akapima tena. Mwishowe akavua glavu, akapandisha mkono wa blauzi yake, akamwonesha mzee mkono wake karibu na kiwiko. Palikuwa na alama ya kung'atwa, ndogo, ya mviringo.

"Huyu ni mwanangu, mzee," akasema. "Jumapili nilimnyang'anya biskuti. Ana miaka minne." Kisha akausogeza mkono wake karibu na ile pembe ya gitaa. Alama zilikuwa sawasawa. "Hadithi inasema siku ile ya uwanjani ulikuwa na miaka thelathini na saba. Mzee wangu, unisamehe. Haya ni meno ya maziwa."

Mzee alitafuta kiti.

Wapendwa, wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakumjua huyu. Njia yake ilikuwa imekwenda miaka thelathini na sita bila kuona kona, na siku hiyo ilikatwa na mtoto asiyemjua, kwa ajili ya biskuti.

Kabla hajajibu, mkurugenzi wa makumbusho akaingia, mtu mchangamfu, mwenye haraka zake. Alipoelezwa, akacheka akamshika mzee bega. "Sasa hilo nalo ni neno? Kibao cha maelezo kimeshachongwa, Mheshimiwa Waziri anakuja Ijumaa, na watu wanataka meno ya Meno! Mzee, wewe kaa kimya tu. Hutasema uongo, utakaa kimya." Akaondoka na simu sikioni.

Mhifadhi akabaki. Akasema kwa upole, "Mimi nitaandika utakachoniambia wewe."

Je, mngekuwa ninyi mngesema nini? Msinijibu upesi.

Mzee alirudi nyumbani. Alikwenda kukaa barazani nyuma ya nyumba, kwenye kigoda chake, na kumbukumbu ikamjia kama mgeni asiyebisha hodi. Aliona alasiri ile. Alikuwa na miaka thelathini, kijana, anafanya mazoezi kwenye kigoda hicho hicho. Mtoto wake wa miaka minne, asiyesikia hata radi, akaja akasimama mbele yake. Alimtazama vidole, alimtazama uso. Akaona baba anafumba macho, anatikisa kichwa, anatabasamu peke yake. Mtoto alitaka kujua baba yuko wapi. Akaweka kiganja kwenye gitaa. Akaweka kidevu. Halafu, hakuna aliyemfundisha, akafungua mdomo akaing'ata ile pembe.

Baba aliinua mkono ampige. Gitaa jipya! Rangi yake haijapata hata mkwaruzo! Mkono ukaishia hewani, kwa sababu aliona uso wa mtoto. Macho yalikuwa yamepanuka. Muziki ulikuwa umepita kwenye mbao, ukaingia kwenye meno, ukapanda kwenye mifupa ya kichwa, ukamkuta mtoto ndani huko alikokuwa amefungiwa. Akacheka huku ameng'ata, mate yanachuruzika kwenye rangi nyekundu. Baba aliposimamisha kupiga, mtoto aliinua macho akauma kwa nguvu zaidi, maana yake: endelea. Naye akaendelea, machozi yanamtoka. Ikawa ndiyo kawaida yao kila alasiri kwa miaka mitatu. Wengine wanacheza na watoto wao mpira. Hawa wawili walikuwa na hilo.

Kisha ikaja shule ya bweni, na umaarufu, na ile siku ya uwanjani. Kweli siku ile alipiga nyuzi kwa meno, akachanika mdomo, akanywa uji siku tatu. Mbao hakuigusa. Lakini mwandishi wa habari aliziona alama, akauliza, "Na haya?" Hapo hapo palikuwa na nafasi. Angeweza kusema, "Ni mwanangu huyo." Ila akafikiri watu watasemaje. Mwanamuziki amezaa kiziwi! Watasema amelaaniwa, watasema amemtoa kafara apate jina, mnajua watu walivyo. Akacheka, akasema, "Ni mimi, muziki ulinizidi." Neno moja. Kesho yake lilikuwa gazetini.

Mzee akamwita mkewe akamweleza yote, meno na biskuti na mhifadhi. Alidhani anamfichulia siri.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na bahasha kuukuu. Ndani mlikuwa na kipande cha gazeti, kimekatwa kwa mkasi wa mtoto, kingo zimepinda. Ilikuwa picha ile ya uwanjani.

"Atupele alikikata shuleni, darasa la nne," akasema. "Alipokuja likizo alinionesha. Akaniuliza kwa mikono yake, 'Mama, kwa nini baba amechukua meno yangu?'"

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia baba amesahau." Mama akakunja kile kipande akakirudisha kwenye bahasha. "Nilikufunika, Baba Atupele. Miaka yote nimekufunika. Sasa na mimi nimezeeka, mikono imechoka kushika shuka."

Mzee alilia. Alilia kama tunavyolia misibani, bila kujali nani anapita njiani. Alipomaliza alijifuta, akanyoosha mikono yake miwili mbele ya mkewe. Akasema, "Nifundishe moja tu. Nifundishe kusema, 'Nisamehe, ni meno yako.'"

Ilikuwa Jumanne. Kufikia Ijumaa alikuwa na siku tatu. Mtu aliyejua kila kona ya gitaa alikaa kwenye kigoda akijifunza maneno manne, mkewe akimshika vidole na kuvinyoosha kimoja kimoja, "Siyo hivyo, umesema kitu kingine, rudia." Alirudia kama alivyokuwa akirudia nyimbo ujanani. Alirudia mpaka chai ikapoa.

Ijumaa ikafika. Ukumbi umejaa, Waziri ameketi, wapiga picha wamejipanga. Kabati la kioo liko wazi, linasubiri. Atupele amekaa kiti cha nyuma kando ya mama yake, gauni la bluu alilojishonea mwenyewe. Amekuja kwa sababu mama alimwomba, na usoni anaonekana kama mtu aliyehudhuria harusi ya jirani. Mkurugenzi akasimama, akasifu, akamalizia, "Mzee Meno, kabla kioo hakijafungwa milele, tuoneshe ulivyoling'ata!" Makofi. Kamera zikainuka.

Mzee alilichukua gitaa. Akaomba kiti cha chini, akakaa. Akasema kwa sauti isiyo kubwa, "Mwenye meno haya nitamwita." Akaliweka gitaa mapajani, akanyanyua mikono, akamtazama binti yake kupita vichwa vyote vile. Alianza, akakosea, akarudi mwanzo. Akasema.

Nisamehe. Ni meno yako.

Watu hawakuelewa kitu. Waliona mzee anachezesha mikono. Lakini kule nyuma Atupele alisimama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kwa mara ya kwanza. Katika miaka arobaini na saba baba yake alikuwa hajawahi kumwambia neno kwa lugha yake. Alipita katikati ya viti, mwanamke mzima, mvi zimeanza kumchungulia. Alipofika mbele hakumjibu kwa mikono. Alipiga magoti. Akainama juu ya gitaa jekundu, akafungua mdomo, akaweka meno yake pale pale.

Mkurugenzi akaruka, "Jamani, kifaa hakiguswi!" Mhifadhi akasimama mbele yake. Alikuwa amevua glavu, ameziweka mfukoni.

Na mzee akapiga.

Sasa sikilizeni vizuri. Gitaa la umeme lisipochomekwa kwenye spika halina sauti. Linanong'ona kama nzi aliye ndani ya chupa. Ukumbi mzima wenye masikio mazima uliinama mbele, Waziri akaweka mkono nyuma ya sikio, na hawakuambulia kitu. Katika ukumbi ule wote mtu mmoja tu ndiye aliyeusikia muziki, na alikuwa kiziwi. Mzee alipochoka akasimamisha kupiga. Atupele, bila kuachia, akainua macho akamtazama babaye, akauma kwa nguvu zaidi.

Endelea. Akaendelea.

Kile kibao kilichochongwa kilitupwa. Ukienda huko leo utakuta kingine, na mhifadhi aliandika alichoambiwa. Kimeandikwa: "Gitaa la Baba Atupele. Alama za meno ni za binti yake, alipokuwa na miaka minne, akimsikiliza baba yake." Jina la Meno halimo. Mzee mwenyewe aliomba lisiwemo.

Wapendwa, nimalizie.

Sisi tuna magitaa yetu. Tunayo yale ambayo watu wanatusifia: nyumba, elimu, huduma, hata huu uimbaji wetu mzuri. Na juu yake kuna alama, na tukiulizwa tunacheka tunasema, "Ni mimi, nilijituma." Ni wewe? Hebu lete kioo cha kukuzia. Ile shahada yako, ina kucha za dada yako aliyeacha shule ili wewe uendelee. Afya yako ina magoti ya mama yako. Na mimi niliyesimama hapa na Biblia na shati lililopigwa pasi, shati hili halijajipiga pasi, na aliyelipiga yuko benchi la tatu, na mwaka huu sikumbuki kama nimemwambia ahsante. Ahsante, Mama Tusekile. Msicheke, niacheni niseme.

Lakini si shukrani tu ninayoitafuta. Mtoto yule hakuuma mbao ili awe maarufu. Aliuma kwa sababu alikuwa na kiu ya kumsikia baba yake, na hiyo ndiyo njia pekee aliyoipata. Alama tuliyoigeuza sifa ilikuwa njaa ya mtu. Nyumbani kwako kuna nani anayekung'ata? Kuna mtoto msumbufu, mke mwenye maneno, mzee anayepiga simu mara tano kwa siku bila habari yoyote. Unainua mkono umpige, unakata simu. Shusha mkono, mtazame uso kwanza. Huenda anatafuta tu kukusikia.

Na Mungu wetu hakusubiri tujifunze lugha yake. Aliijifunza yetu. Alinyoosha mikono yake kwetu sisi viziwi. Je, sisi tunashindwa kujifunza maneno manne kwa ajili ya mtu mmoja?

Basi tusimame tuombe. Na wewe baba uliyekaa karibu na mlango, unayetazama saa kwa sababu unajua nazungumza na nani: kioo bado hakijafungwa. Toka sasa hivi ukapige hiyo simu, hatutakucheka. Tutakungoja kwa wimbo.